Plagi ya Tela na Waya Mweupe

(Hotuba iliyosemwa barazani mbele ya machifu, waalimu na wakulima. Twaipiga chapa ili yule asiyekuwapo naye aisome.)



Leo hatukuja kusema habari za mbegu wala za mbolea. Twataka kusema habari za kitu kidogo kieneacho katika kiganja cha mkono, nacho ni plagi ya tela. Labda mtu atajiuliza, je, hili ndilo neno la kutuitia barazani? Twamwomba avumilie kidogo.

Katika msimu wa mavuno uliopita, giza lilipokuwa likiingia, trekta moja lilikuwa likitoka shambani na tela lililojaa magunia. Taa za mbele ziliwaka vizuri, lakini nyuma haikuwaka hata moja. Kijana aliyekuwa akirudi nyumbani kwa baiskeli aliligonga tela lile, akavunjika mguu. Asubuhi yake tuliitwa kulitazama. Tulikuta globu zote ni nzima na nyaya zote ni nzima. Ndani ya plagi skrubu moja ilikuwa imelegea na kuota kutu ya kijani, nayo ndiyo iliyopasa kuushika waya mweupe. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na mtu angalibaki na mguu wake mzima.

Basi yafaa tufahamu kwanza jinsi umeme uendavyo. Hutoka katika betri, hupita katika waya, huwasha globu, kisha hauna budi kurudi katika betri ulikotoka. Njia ya kurudi ikikatika, taa haiwaki, ingawa njia ya kwenda ni nzima. Katika tela kila kazi ina waya wake wa kwenda, lakini taa zote zina njia moja ya kurudi, nayo ni waya mweupe, ambao mafundi huuita ethi. Kwa hiyo waya huo ukiharibika, taa zote hupatwa.

Plagi tuisemayo ni ile ya duara yenye pini saba, ya umeme wa volti 12, itumikayo katika matela madogo yaliyofuata mpango wa Uingereza na Ulaya. Namba zake zimeandikwa ndani ya plagi yenyewe. Mpango wake ni huu:

1, manjano: taa ya kuonyesha kupinda kushoto.
2, buluu: taa ya ukungu ya nyuma. Matela mengine hayana taa hii.
3, nyeupe: njia ya kurudi ya taa zote.
4, kijani: taa ya kuonyesha kupinda kulia.
5, kahawia: taa ya usiku ya upande wa kulia.
6, nyekundu: taa za breki.
7, nyeusi: taa ya usiku ya upande wa kushoto.

Hapa twawaonya juu ya mambo matatu. La kwanza, watu wengi wamezoea kwamba katika betri waya mweusi ndio wa kurudi. Katika plagi hii sivyo. Mwenye kuufunga waya mweusi penye chuma cha tela ataunguza fyuzi mara taa zitakapowashwa. La pili, ukiitazama plagi kwa mbele, na kisha ukaitazama kwa nyuma penye skrubu, kulia kwageuka kuwa kushoto. Kwa hiyo fuata namba, usifuate mahali pini ilipo. La tatu, tela lililotengenezwa Marekani huweza kuwa na mpango mwingine, ambao waya mmoja hufanya kazi ya breki na ya kuonyesha kupinda. Usiunge rangi kwa rangi kabla hujajua kila waya waenda wapi.

Sasa twaeleza kazi yenyewe. Zima taa, uichomoe plagi, uifungue kwa bisibisi. Kabla ya kulegeza skrubu yo yote, andika katika karatasi kila rangi na namba yake. Nyaya zikiwa zimeoza, zikate mpaka ufike penye shaba safi ing'aayo. Kisha pitisha kifuniko cha plagi katika kebo kwanza; wengi husahau jambo hili, wakamaliza kufunga skrubu saba, wakalazimika kuzifungua tena. Ambua mpira kadiri ya upana wa ukucha mdogo, usokote shaba vizuri, uiingize katika tundu lake, ukaze skrubu. Uvute kila waya kwa taratibu, utokao haukukazwa. Hakikisha uzi wa shaba usitokeze na kugusa pini ya jirani.

Kisha kaza kibano kinachoishika kebo, ili tela livutapo, kebo ivutwe na kibano wala si nyaya. Pini zilizoota kutu zisugue kwa msasa mwembamba. Zikiwa zimelegea katika soketi, zile zenye ufa zipanue kidogo tu kwa ncha ya kisu. Mwisho, kebo iwe na urefu wa kutosha kwa kupinda kona, lakini isiburuzwe chini.

Kutambua ugonjwa si kazi ngumu. Taa moja ikikataa peke yake, tazama globu yake, kisha waya wake. Zikikataa zote, tazama waya mweupe kabla ya kingine cho chote, pale ndani ya plagi na pale ulipofungwa penye chuma cha tela. Na ukikanyaga breki ukaona taa nyingine nazo zinawaka kwa unyonge, jua ya kuwa umeme umekosa njia yake ya kurudi, nao watafuta njia kupitia globu nyingine. Hiyo pia ni kazi ya waya mweupe. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu. Usitie kipande cha waya wala karatasi ya sigara mahali pake, maana nyaya zaweza kushika moto.

Waalimu, jambo hili laweza kufundishwa shuleni kwa betri moja, globu moja ya volti 12 na vipande viwili vya waya. Mtoto ajuaye kwamba umeme hauna budi kurudi ameshika nusu ya ufundi huu. Nanyi machifu, twawaomba kabla ya mavuno kila mwenye tela alilete barazani wakati wa jioni. Mmoja akae penye usukani na mwingine asimame nyuma, ataje kila taa iwakayo. Isiyowaka itengenezwe kabla gunia la kwanza halijapakiwa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva wa tela hazioni taa zake za nyuma, wala hazimsaidii kuona njia. Zimewekwa kwa ajili ya yule ajaye nyuma yake gizani, naye pengine ni mwanawe mwenyewe.

Kwaherini.