Binti Zetu na Masomo ya Uhandisi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumepewa nafasi leo kusema juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la maprofesa peke yao: kwa nini wasichana ni wachache katika masomo ya sayansi na uhandisi huko Chuo Kikuu. Twasema jambo hili ni letu sisi wafanyi kazi, kwa maana sisi ndio tunaolipa karo, na sisi ndio tulio ndani ya karakana.

Mwaka 2017 shirika la UNESCO lilieleza kwamba duniani, katika kila wanafunzi 100 wa elimu ya juu wanaosoma sayansi, ufundi, uhandisi na hesabu, wanawake ni kama 35 tu.

Wako wanaosema kwamba ni upungufu wa akili. Hiyo si kweli hata kidogo. Hapa Kenya shule ya Alliance ya wavulana ilifunguliwa mwaka 1926, na ile ya wasichana mwaka 1948. Hiyo ni miaka 22. Mtu akiachwa stesheni muda huo wote, si haki kumwuliza kwa nini amechelewa kufika.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alitiwa shule kwa sababu kaka yake alimwuliza mama yao kwa nini Wangari hasomi. Mama akakubali. Mwaka 1964 akapata digrii ya biolojia huko Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii ya udaktari. Baadaye yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai walimu wanawake wa Chuo Kikuu wapewe masharti ya kazi sawa na wanaume. Hilo ni dai ambalo kila chama cha wafanyi kazi chalijua.

Basi mlango hufungwa wapi? Si kwenye lango la Chuo Kikuu. Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa Fomu 3 aliweza kuiacha fizikia, na wasichana wengi waliiacha. Bila fizikia hakuna uhandisi. Katika mtaala mpya mtoto hushika njia yake anapoingia Darasa la 10, naye ana umri wa miaka 15 hivi. Tena shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia haimpi la kuchagua.

Hata kabla ya hapo, tuangalie nyumba zetu. Baba akitengeneza baiskeli, mvulana huitwa ashike spana, na msichana hutumwa maji. Jioni mvulana hufungua kitabu, na dada yake huosha sufuria. Samaki mkunje angali mbichi. Tena msichana asiye na sodo hukosa shule siku kadhaa kila mwezi. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza Serikali iwape wasichana sodo bure shuleni; yafaa sisi wazazi tuulize kama zinafika.

Kisha iko karakana. Mwanafunzi wa uhandisi hana budi kuja kazini kujifunza kwa vitendo. Akikuta hakuna choo cha wanawake, ovaroli ni za kipimo cha wanaume, na fundi kazi yake ni kumtuma chai, atawaambia nini wadogo zake? Wengine husema mitambo yataka misuli. Sisi wa reli twajua kwamba hakuna mwanamume anayeinua magurudumu ya behewa kwa mikono. Hiyo ni kazi ya krini. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, wanawake wa Kenya walikuwa miongoni mwa madereva wa treni.

Tunajua mtaanza kusema, "Kazi ni chache hata kwa wavulana." Ni kweli. Lakini uchache wa kazi ni madai yetu kwa waajiri na Serikali, wala hauponi kwa kumfungia binti mlango.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila mzazi agawanye kazi za nyumbani sawa, msichana naye apate saa za kusoma, tena aitwe ashike spana. Pili, tulio katika kamati za wazazi tuulize juu ya maabara na mwalimu wa fizikia kabla watoto hawajachagua masomo. Tatu, tawi hili, likikaa na waajiri kufanya mapatano, lidai vyoo vya wanawake, nguo za kazi zinazowatosha, na ulinzi kwa wasichana wanaokuja kujifunza ili wasitukanwe wala kusumbuliwa.

Mambo hayo mawili ya kwanza hayahitaji ruhusa ya mwajiri. Tunaweza kuyaanza leo jioni.