Sungura Akikataa Chakula

(Haya ni maneno ya mazungumzo waliyopewa wafugaji wa sungura, wazazi pamoja na watoto wao.)



Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Mbwa akiacha chakula siku moja, mwenyewe husema, "Atakula kesho," na mara nyingi kesho yake mbwa hula. Lakini sungura si kama mbwa. Sungura asiyekula wala kupata choo kwa muda wa saa 12 ni mgonjwa sana, na akiachwa huenda akakutwa amekufa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee; na kwa sungura neno hilo ni kweli tupu.

Sababu yake ni hii. Tumbo la sungura limeumbwa kwa kazi isiyokoma. Yeye hula kidogo kidogo, mchana na usiku, na nyuzi za majani ndizo zinazoyafanya matumbo yaendelee na kazi. Nyuzi zikipungua, au mnyama akiumwa, akitishwa au akikosa maji, matumbo hulegea na kusimama. Chakula kilichomo hukauka, hewa hujaa, na maumivu humzuia kula zaidi. Tena, sungura hawezi kutapika.

Basi siku iyo hiyo yakupasa kutazama mambo manne.

Kwanza, choo chake. Vidonge vikiwa vichache, vidogo na vikavu, au visipoonekana kabisa, hiyo ni hatari.

Pili, meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Yasiposagika kwa nyasi hurefuka, na magego huchoma ulimi na mashavu. Sungura wa namna hii hukijia chakula kwa hamu, kisha hukiacha, na kidevu chake hulowa mate. Usiyakate meno kwa koleo, maana hupasuka.

Tatu, tumbo. Liguse taratibu. Likiwa gumu na kubwa kama ngoma, usimlishe kwa nguvu. Mpeleke upesi kwa Daktari wa Mifugo.

Nne, joto la mwili. Masikio yakiwa ya baridi naye amenyong'onyea, mwekee kando chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa. Lakini akitweta kwa sababu ya jua kali, mtie kivulini, umpanguse masikio kwa maji ya kawaida, wala si ya barafu.

Wakati mnapofanya safari ya kwenda kwa daktari, mwekee karibu maji safi, nyasi kavu na majani mabichi kama kishona nguo. Usimpe dawa za watu zilizobaki nyumbani. Penisilini na amoksilini za kumeza huharibu vijidudu vyema vya tumboni mwake, na zaweza kumwua. Daktari akiona kwamba matumbo hayakuziba, atampa dawa ya maumivu, na pengine atakuagiza umlishe uji wa vidonge vya sungura kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Uji huo hutiwa pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, asije akapaliwa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe nyasi, na maji yasikose. Mkate na ugali si chakula chake. Majani ya viazi vya kizungu na ya nyanya yana sumu. Ukitaka kubadili chakula, badili polepole kwa siku nyingi.

Mwisho, nawaomba wazazi neno moja. Mtoto anayekwenda bandani kila asubuhi na jioni ndiye huona kwanza kwamba chakula cha jana hakikuguswa. Akija kukuambia, "Sungura wangu hataki kula," usimwambie angoje hadi kesho. Ondokeni pamoja mkamtazame sasa hivi.