Kombe Halikuiokoa Timu



Mwaka 1987 huko Marekani ilianza ligi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi, lakini ukichezwa ukumbini. Uwanja ulipunguzwa kutoka yadi 100 hadi 50, na wachezaji wa kila upande kutoka 11 hadi 8. Timu zilikuwa nne tu.

Msimu huo Denver Dynamite ilitwaa ubingwa kwa kuilaza Pittsburgh Gladiators 45 kwa 16, tena huko huko Pittsburgh. Lakini ligi ilipoanza tena mwaka 1988, bingwa hakuwamo. Alirejea mwaka 1989, akacheza hadi 1991, kisha akatoweka kabisa.

Ndugu zangu, wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Kombe hupamba kabati. Halilipi kodi ya ukumbi wala nauli ya wachezaji. Basi tunapounda klabu, tusiulize tu nani atatuletea ushindi. Tuulize pia nani ataitunza klabu hiyo shangwe zikishanyamaza. Washabiki wa Denver walistahili kumwona bingwa wao akilitetea taji lake.