Sauti ya Usiku Kiamboni



Huko Ntimaru, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, usiku una sauti nyingi. Mojawapo huwatia watu hofu: ukelele mkali upitao juu ya mapaa, na baadaye mkoromo darini, wala hapana mtu huko. Aghalabu kukipambazuka vijana hutumwa kwa mawe na fimbo, kwa kuwa imesemwa tangu kale, katika pande nyingi za Afrika ya Mashariki, kwamba bundi akilia karibu na nyumba, kifo ki karibu.

Asiwepo mtu wa kuwacheka wazee kwa neno hilo. Lakini yafaa kulitazama kwa makini. Bundi hulia usiku mwingi katika mwaka, na nyumba zilizolala hazimsikii. Nyumba yenye mgonjwa haikulala. Taa inawaka, na kila sauti inasikilizwa. Mgonjwa akifa, bundi hukumbukwa. Akipona, bundi husahauliwa. Hivyo ndivyo ndege huyu alivyotwikwa mzigo usio wake.

Bundi akaaye darini ni yule mwenye uso mweupe, umbo lake kama moyo. Wanaokoroma ni makinda yake, wakitaka chakula. Na chakula chao ni panya. Masikio ya bundi hayakulingana, moja liko juu kuliko la pili, na kwa hiyo hutambua panya alipo hata katika giza tupu. Manyoya ya mbawa zake ni laini, basi panya hasikii adui akija. Humeza panya mzima, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Asiyesadiki na aokote donge moja, alipasue kwa kijiti: ataona mafuvu ya panya kwa macho yake mwenyewe.

Katika nchi ya Malaysia, wenye mashamba ya michikichi humwekea bundi masanduku ya kutagia. Wakulima wa Israeli walianza kufanya hivyo mwaka 1983, na mwaka 2002 wenzao wa Yordani wakajiunga nao. Mataifa hayo yalikuwa yamepigana vita; lakini bundi huvuka mpaka bila cheti, na panya wa jirani ni panya wa wote. Watu wa Ntimaru wanalijua jambo hilo, maana mashamba yao nayo yanatazamana na ya nchi nyingine.

Mwenye ghala la mahindi ajihadhari pia na sumu. Panya aliyekula sumu hulegea, bundi humkamata upesi, na mlinzi hufa pamoja na mwizi. Panya hubeba mimba majuma matatu tu, basi idadi yao hurudi haraka, na safari hii hapana wa kuwapunguza. Ni heri kutega mitego, kufyeka magugu kandokando ya ghala, na kuuacha mti mkuukuu wenye pango.

Basi sauti ile isikikapo tena kiamboni, baba wa nyumba asitafute jiwe. Na awaite watoto, awaambie kwamba mlinzi wa ghala yuko kazini, tena hadai mshahara. Wahenga walinena: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.