Dodoso Lipi Limfaalo Mama Aliyejifungua kwa Shida?

Mama aliyenusurika kuvuja damu wakati wa kujifungua aweza kupona mwili, huku moyo ukirejea katika chumba kile kila usiku. Dodoso la Edinburgh, lenye maswali 10, huchunguza sonona. Halikuundwa kupima kiwewe. PCL-5 ina vipengele 20 na huuliza dalili za mwezi uliopita, ila hutumika kwa tukio lolote la kutisha. City BiTS, yenye vipengele 29, huuliza mahususi kuhusu uzazi na dalili za wiki iliyopita.

Basi ukipewa dodoso, uliza: linapima nini, na dalili za kipindi gani? Alama pekee hazithibitishi ugonjwa. Mtaalamu ndiye huthibitisha. Nazo zikiwa chache, zisikunyamazishe: ungali ukiteseka, sema.