Je, Tupimwe Sote Umio?

Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi wa Kata ya Gehandu



Ikiwa saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, inawaondoa watu wetu, kwa nini Halmashauri isilete kipimo tukapimwa sote? Swali hilo ni la haki. Ugonjwa huu umeenea upande wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi kusini, nasi tumo. Mara nyingi mgonjwa hufika hospitali nyama imemshinda, ugali umemshinda, amebakiwa na uji. Wakati huo tiba kubwa iliyosalia huwa ni kumwezesha kumeza tu.

Kipimo kipo. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, nchini Kenya, wataalamu waliwapima watu 305 wasio na dalili. Waliingiza endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera, wakanyunyiza iodini: sehemu yenye afya hugeuka kahawia, iliyobadilika hukosa kushika rangi. Kwa taarifa yao ya mwaka 2016, takriban mtu 1 kati ya 7 alikutwa na mabadiliko ya seli, mengi yakiwa madogo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi hutumia siki. Muuguzi aliyefunzwa hukifanya kituoni, na mara nyingi tiba hutolewa siku ileile. Endoskopi hudai mtaalamu wake, umeme, kuitakasa mashine baada ya kila mtu, na maabara ya kuchunguza kinyama. Kisha pawepo mahali pa kuyaondoa mabadiliko makubwa. Bila hivyo tutakuwa tumemgawia mtu hofu. Na mabadiliko madogo mengi hayafiki kuwa saratani.

Kwa maoni yangu, fedha chache tulizonazo zimfikishe kwanza kwenye kipimo mwenye dalili, kabla ya kuwapanga foleni wazima wote.

Kinga, kwa upande wake, haina bei. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa kinywaji kinachozidi nyuzi 65 huenda kikasababisha saratani ya umio. Sisi tunaonywa chai ikingali inafuka, nami nikiwamo, tuiache ipoe kwanza. Tumbaku tuiache kabisa.

Chakula kikianza kukwama, usingoje hadi ubaki na uji. Nenda zahanati, uombe rufaa ya endoskopi. Na usiku wa kuamkia kipimo, usile.