Mashini itatunyanganya kazi yote?
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kasongo



Vijana wanatuuliza: kama roboti na akili bandia zitamaliza kazi za watu, tusome kwa nini? Ulizo hilo siyo la kucheka.

Kazi fulani zinaisha kweli, hatukatai. Zamani mpunga wetu ulitwangwa katika kinu. Leo, pale kuko mashini ya kukoboa, mama anapeleka mfuko wake na kurudi bila malengelenge mikononi. Hakukosa kazi: kulima kungaliko, kuvuna kungaliko, kuuza kungaliko. Kilichobadilika ni kwamba sasa analipa mwenye mashini.

Kinshasa nako, katika 2013, waliweka roboti za kuongoza magari kwenye masanganjia. Zilitengenezwa na mama Mkongomani, enjenia Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na wenzake. Zilitumia nguvu ya jua, hazikuchoka, hazikuomba kitu kwa shofere. Hata hivyo polisi walibaki barabarani. Roboti inainua mkono. Magari yakigongana, haiwezi kwenda kumtoa mtu ndani.

Sasa tuje kwetu. Akili bandia inaandika raporo kwa Kifaransa safi, lakini haijui nani amerudi Kabambare jana. Mashini ya kusoma vidole inasaidia, lakini vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka mingi vimelika, na mara nyingine inavikataa. Hapo anatakiwa shefu wa lokalite, ao jirani, wa kusema: huyu tunamjua, shamba la baba yake ni lile. Tena mashini ikikosea, haiitwi barazani kujieleza. Anaitwa mtu.

Basi vijana, jifunzeni kuongoza mashini na kuitengeneza ikiharibika. Wanachama, tuweke franka zetu pamoja ili mashini ya mpunga iwe yetu, siyo ya mtu mmoja. Wafadhili, leteni vyombo, tunavipenda. Lakini msikate pesa ya wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuhakikisha majina. Jina likianguka kwenye listi, kuko jamaa itakosa mbegu, na mvua ya kupandia haingoji mtu.